Uzito si kelele: maswali ya wasomaji kuhusu albamu za roki nzito

Katika toleo lililopita tulichapisha barua fupi ya msomaji wa Tanga mjini aliyezisifu albamu tatu za roki ya stona, aina ya roki nzito na ya polepole, nazo ni Master of Reality ya Black Sabbath, Blues for the Red Sun ya Kyuss na Dopesmoker ya Sleep, akadai kwamba duniani hakuna muziki mzito kuliko huo. Barua zilizofuata zimekuwa nyingi kuliko tulivyotazamia, na karibu zote zimetoka Tanga na wilaya za jirani, kwa hiyo ukurasa wote wa leo tumeuachia jambo hilo. Baadhi ya maswali tumeyafupisha.

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni kijana wa Chumbageni, na muziki huu niliuanzia kwa Kyuss. Rafiki yangu ananiambia kwamba Kyuss ni Black Sabbath tu waliohamia jangwani. Je, ni kweli? Na sauti ile nzito ya gitaa ilianzia wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Rafiki yako amesema nusu ya ukweli, na kwa kuwa nusu hiyo ndiyo kubwa, tuanze nayo.

Black Sabbath walitoka Birmingham, mji wa viwanda nchini Uingereza, na sauti yao ina deni kwa ajali ya kiwandani. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikuwa na umri wa miaka 17 mashine ya kiwanda cha mabati ilipomkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, na kwa kuwa yeye ni mashoto, huo ndio mkono anaobania nyuzi. Alikwisha kukata tamaa ya kupiga tena mpaka msimamizi wake wa kazini alipomletea santuri ya Django Reinhardt, mpiga gitaa wa jazi ambaye mkono wake uliungua motoni na tangu hapo akawa anapiga solo zake kwa vidole viwili. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akajitengenezea subana za kuvika vidole, akazifunika kwa vipande vya ngozi, akatafuta nyuzi nyembamba kuliko za wenzake, na baada ya muda akaanza kuzilegeza ili zisimpe taabu. Katika Master of Reality, iliyotoka mwaka 1971, nyimbo kadhaa zimepigwa kwa gitaa lililoshushwa nusu toni tatu, yaani hatua tatu ndogo za sauti, na mpiga besi Geezer Butler akaishusha besi yake ilingane nalo. Kilichofanywa kwa ajili ya vidole vilivyoumia kikawa ndiyo sauti ambayo maelfu ya wapigaji wenye vidole vizima wanaihangaikia hadi leo.

Usidhani kwamba kabla yao palikuwa kimya. Black Sabbath walianza kama bendi ya bluzi, na huko San Francisco bendi ya Blue Cheer ilikuwa imekwisha kutoa Vincebus Eruptum mnamo Januari 1968, albamu iliyochukua bluzi na roki ya zamani na kuzipitisha kwenye amplifaya zilizofunguliwa hadi mwisho. Albamu hiyo ni ya fujo, na mimi huisikiliza kwa heshima zaidi kuliko kwa mapenzi. Black Sabbath wao walileta kitu ambacho fujo peke yake haiwezi kukileta, nacho ni subira. Wimbo wa kwanza wa albamu yao ya kwanza, ya mwaka 1970, unakwenda polepole mno kwa zama zile, na umejengwa juu ya noti tatu tu, ya tatu ikiwa imeachana na ya kwanza kwa toni tatu kamili, umbali ambao sikio huusikia kama jambo lisilotulia. Inasimuliwa kwamba Butler alikuwa akipigapiga kipande cha Mars cha mtunzi Gustav Holst, na Iommi akakigeuza kuwa chake. Aliyewahi kusimama kwenye korona, yaani kiwanda cha mkonge, mashine zikiwa zinachakata ataitambua hali hiyo ya mdundo mmoja mzito usiomjali anayesikiliza.

Nusu ya pili ya ukweli, ambayo rafiki yako ameiacha, ni panki, yaani roki ya kasi na ya hasira. Vijana wa Kyuss walikulia Palm Desert, mji mdogo wa California, na Brant Bjork, mpiga dramu aliyetunga nyimbo zao nyingi, alilelewa na bendi ya panki ya Ramones kuliko Black Sabbath. Bendi ya panki ya Black Flag, iliyosifika kwa kasi, iliwashangaza wafuasi wake mwaka 1984 ilipotoa My War, ambayo upande wake wa pili unakokota miguu kutoka mwanzo hadi mwisho, na vijana wengi wa Marekani walijifunza hapo kwamba hasira inaweza kwenda taratibu. Zaidi ya hayo, Palm Desert haikuwa na kumbi za kupigia, hivyo bendi zilibeba jenereta za petroli hadi jangwani, zikawasha vyombo na kupiga usiku kucha mahali pasipo ukuta wala jirani. Wakubwa wao katika mikesha hiyo walikuwa Yawning Man, ambao muziki wao ni mwepesi na wa kuelea, na Kyuss walikuja kurekodi wimbo wao uitwao Catamaran katika albamu ya mwisho ya mwaka 1995.

Josh Homme, mpiga gitaa wa Kyuss, alilishusha gitaa lake nusu toni nne na kulipitisha kwenye amplifaya za besi badala ya zile za gitaa, na jambo hilo linasikika waziwazi katika Blues for the Red Sun ya mwaka 1992. Hata hivyo, mtayarishaji wa albamu hiyo, Chris Goss, ana bendi yake inayoitwa Masters of Reality, na jina hilo unajua limetoka wapi. Kwa hiyo mwambie rafiki yako kwamba Black Sabbath walifika jangwani, ila waliowapokea ni watoto wa panki.

SWALI: Mimi ni fundi wa redio hapa Ngamiani. Vijana wananiletea spika ndogo wakilalamika kwamba albamu hizi zinasikika nyembamba, mikwaruzo mitupu, na wanadhani spika zimeharibika. Nikipima naziona ni nzima. Tatizo ni nini?

JIBU: Fundi, kipimo chako hakikosei. Uzi wa chini kabisa wa gitaa lililopangwa kwa kawaida hutetema karibu mara 82 kwa sekunde. Ukiushusha nusu toni tatu unafika karibu mara 69, na kwa Kyuss karibu mara 65. Besi nayo iko oktava moja chini ya hapo, yaani kwa nusu ya mitetemo hiyo, karibu mara 35 na 33. Spika ya simu, na hata hizo ndogo za kubeba mkononi, haziwezi kuisukuma hewa kwa mitetemo ya chini kiasi hicho, kwa hiyo chini panakuwa patupu na yanabaki ya juu tu.

Hayo ya juu ndiyo mikwaruzo wanayoilalamikia, na hiyo imetengenezwa kwa makusudi. Amplifaya au kile kisanduku cha fazi, yaani kifaa cha kuikwaruza sauti ya gitaa, kikilishwa mawimbi makubwa kuliko uwezo wake, vilele vya mawimbi hukatwa, na kukatwa huko huzaa sauti nyingine za juu ambazo uzi wenyewe haukuzitoa. Ubongo wa binadamu ukizisikia hizo huweza kuikisia ile noti ya chini isiyosikika, ndiyo maana kijana bado anautambua wimbo hata kwenye simu. Jambo jingine la kuwaeleza ni kwamba uzi uliolegezwa, ukipigwa kwa nguvu, hupanda kidogo mwanzoni kisha hushuka na kutulia, na mngurumo unaoanzia kila pigo katika albamu hizi unatokana na hilo kwa sehemu. Kwenye spika ndogo mngurumo huo hausikiki vizuri.

Washauri watumie vifaa vya masikioni vinavyofunika sikio zima, au wakuletee yale makabati ya mbao ya zamani yenye spika za inchi 12 au 15, ambayo watu wanayatupa bila kujua thamani yake. Wasikimbilie kufungua kitufe cha besi hadi mwisho kwenye spika ndogo, kwa maana watakuletea zikiwa zimeharibika kweli.

SWALI: Mimi ni mama wa vijana wawili, ninaishi Makorora. Nimeambiwa kwamba muziki huu umepewa jina kwa ajili ya wavuta bangi. Je, nimkataze mwanangu kuusikiliza?

JIBU: Dada yangu, uliyoambiwa ni kweli: stona kwa Kiingereza cha mitaani ni mvuta bangi. Master of Reality inaanza kwa kikohozi cha Iommi na wimbo wa kuusifu mmea huo, na Dopesmoker inauzungumzia kutoka mwanzo hadi mwisho. Lakini wimbo wa pili wa Master of Reality, ambao maneno yake aliyatunga Butler, mtu aliyelelewa katika familia ya Kikatoliki, unamuuliza msikilizaji kama amewahi kufikiri juu ya roho yake na hali yake baada ya kifo, na mwingine unawataka vijana waikatae vita ya nyuklia. Jina la stona lilienea katika miaka ya 1990, wanamuziki wengi waliobandikwa hawalipendi, na bendi kama Fu Manchu huimba zaidi juu ya magari kuliko juu ya moshi. Bangi ni kosa kisheria nchini kwetu na hakuna albamu inayolibadili hilo. Kumkataza mtoto bangi na kumkataza gitaa ni mambo mawili, na mimi ningemkataza la kwanza tu.

SWALI: Wimbo mmoja wa saa nzima! Hao Sleep wanatufanya wajinga, au kuna kitu nisichokisikia? Msomaji, Muheza.

JIBU: Ndugu yangu, hasira yako waliwahi kuwa nayo hata waliolipia kazi yenyewe. Sleep walikuwa vijana watatu wa San Jose, California: Al Cisneros kwenye besi na sauti, Matt Pike kwenye gitaa na Chris Hakius kwenye dramu. Baada ya albamu yao Sleep's Holy Mountain, ambayo ni mapenzi ya wazi kwa Black Sabbath, walipata mkataba na kampuni kubwa ya London Records, wakatumia fedha nyingi za mkataba huo kwa amplifaya, na mwaka 1996 wakarekodi wimbo mmoja wenye dakika 63. Kampuni ilikataa kuutoa. Bendi ikavunjika, toleo lililopunguzwa hadi dakika 52 likatoka mwaka 1999 kwa jina la Jerusalem, na kazi kamili ikapatikana mwaka 2003 kwa jina tunalolijua.

Kwangu mimi Dopesmoker ni kazi kubwa yenye kasoro moja, nayo ni kwamba simulizi lake la msafara wa mahujaji wa bangi wanaovuka jangwa halina uzito unaolingana na muziki unaolibeba. Muziki wenyewe una mpango. Rifu, yaani kile kipande kifupi cha gitaa kinachorudiwarudiwa, haibadiliki kwa dakika nyingi, lakini dramu zinabadilika chini yake: pigo linasogezwa, tasa inaongezwa, kisha inaondolewa, na ghafla rifu ileile inaonekana kama imegeuka upande. Ukisubiri kibwagizo utachoka kabla ya dakika ya kumi. Mfuate Hakius, umwache Pike, na saa itakwenda. Ikiwa bado unachoka, basi umechoka kwa haki, na Sleep's Holy Mountain inakutosha.

SWALI: Mwanangu, mimi ni mzee wa Ngamiani niliyekua na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Mjukuu wangu amenisikilizisha hao Kyuss. Sikusikia ufundi. Gitaa na besi wanapiga kitu kimoja, kama kwamba mmoja wao hakuja mazoezini.

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Nimecheka, lakini katika barua zote tulizopokea hakuna iliyolisema jambo lenyewe kwa usahihi kuliko yako. Katika dansi la Tanga mpiga solo ana njia yake, mpiga ridhimu ana yake, na besi inaongea na wote wawili bila kumwiga yeyote, hata msikilizaji akitaka anaweza kuifuata besi peke yake wimbo mzima. Taarabu ya hapa nayo, ilipoacha vinanda vingi na kuchukua gitaa la umeme na besi katika siku za Black Star na Lucky Star, iliipa besi mwendo wake chini ya sauti ya mwimbaji. Sikio lililolelewa hivyo lazima lishtuke linapokuta vyombo viwili vimeshikana mkono.

Kushikana huko ndiko kunakoleta uzito. Gitaa na besi zikipiga mstari uleule, oktava moja ikiwa imepishana, sikio haliwezi tena kuvitenganisha, na linasikia chombo kimoja kikubwa ambacho hakipo. Iommi na Butler walifanya hivyo, ingawa Butler alikuwa akiponyoka mara kwa mara na kupiga yake, na katika sehemu hizo Black Sabbath wanakusogelea wewe zaidi kuliko mjukuu wako. Ufundi umehamia kwa mpiga dramu. Bill Ward wa Black Sabbath alikuwa mpenzi wa jazi na wa mpiga dramu Gene Krupa, na ukisikiliza namna anavyolichelewesha pigo nyuma kidogo ya gitaa utaona kwamba hakuna uvivu hapo. Wapigaji wengi waliomfuata waliuchukua ukubwa wa mapigo yake wakaacha mnyumbuliko wake, na albamu zao nyingi zinachosha kwa sababu hiyohiyo.

Kama utampa mjukuu nafasi ya pili, mwombe akuwekee Conference of the Birds ya Om, iliyotoka mwaka 2006. Hao Om ni Cisneros na Hakius wa Sleep, na katika albamu hiyo hakuna gitaa. Ni besi, dramu na sauti tu, nyimbo mbili basi. Jina lake limetoka kwenye utenzi wa Farid ud-Din Attar, mshairi wa Kisufi wa Nishapur, na Cisneros haimbi kwa kupanda na kushuka bali anayasoma maneno kwa noti chache, akirudi palepale. Sisemi kwamba ni ibada, lakini mtu aliyekaa katika zikri anaijua subira ya kurudia jambo hadi mwili ulishike, na nadhani wewe utaifahamu albamu hiyo kabla ya mjukuu wako.

SWALI: Kila mara Uingereza na California. Je, Waafrika hawamo? Msomaji, Pangani.

JIBU: Wamo, tena hawakusubiri kufundishwa na Kyuss. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, vijana wa Zambia, wengi wao kutoka miji ya migodi ya shaba, walikuwa wakiwasikiliza Black Sabbath, Deep Purple, Jimi Hendrix na James Brown kwa wakati mmoja, na wakatengeneza muziki uliokuja kuitwa Zamrock. Bendi mashuhuri kuliko zote ilikuwa WITCH, iliyoongozwa na Emmanuel Chanda, ambaye mashabiki walimpa jina la Jagari kwa sababu ya Mick Jagger, mwimbaji wa Rolling Stones. Albamu yao Lazy Bones!! ya mwaka 1975 ina gitaa lenye fazi chafu na tamu, na dramu ambazo haziachi kucheza hata gitaa linapokuwa zito. Mwaka huohuo Amanaz walitoa Africa, na Musi-O-Tunya wa Rikki Ililonga walirekodi Nairobi. Ukitaka uzito zaidi, mtafute Paul Ngozi na bendi yake ya Ngozi Family. 45,000 Volts ya mwaka 1977 ina magitaa yaliyokwaruzwa kwa kiwango ambacho studio nyingi za Ulaya zingekikataa.

Bei ya shaba ilipoanguka, uchumi uliyumba, kumbi zikafungwa, na baadaye UKIMWI ukawachukua wanamuziki wengi wa kizazi hicho. Jagari alibaki, akafundisha, akachimba vito, na santuri zake zilipochapishwa upya Marekani akarudi jukwaani akiwa mtu mzima. WITCH mpya ilitoa Zango mwaka 2023. Kwa ukali wa mpangilio, hiyo si roki ya stona, kwa kuwa Wazambia hawa ni wajukuu wa bluzi sawa na Black Sabbath na si watoto wao. Ila kwa msikilizaji wa pwani ningewatanguliza hawa kabla ya nusu ya bendi za California, kwa sababu hawakuitoa ngoma nje ya muziki ili gitaa lipate nafasi. Kwa upande wa jangwa la kweli, yupo mpiga gitaa Mdou Moctar wa Niger, na albamu yake Afrique Victime ya mwaka 2021 inastahili spika za yule fundi wa Ngamiani.

SWALI: Nina fedha ya santuri moja tu. Ipi?

JIBU: Welcome to Sky Valley ya Kyuss, ya mwaka 1994. Blues for the Red Sun ina sifa kubwa zaidi, lakini katika Sky Valley Scott Reeder ameshika besi badala ya Nick Oliveri, na ndiyo albamu yao pekee ambamo besi inathubutu kuachana na gitaa kwa muda mrefu bila uzito kupotea. Ilipotoka kwenye diski, nyimbo zake zilifungwa katika mafungu matatu marefu ili msikilizaji asiruke kutoka wimbo hadi wimbo, hivyo tenga dakika 50 zisizo na simu. Kabla ya kulipa, itoe santuri kwenye ganda lake na uitazame kwenye mwanga, kwa sababu zinazouzwa mitumba mara nyingi zimepinda, na sindano ikiruka katikati ya wimbo wake wa Whitewater hakuna fundi atakayekurudishia fedha.